Bloku ya mapangaboi manne: kushona mfarishi wa viraka kwa mabaki ya vitenge

Mfarishi wa viraka, yaani tandiko la kitanda lililounganishwa kwa vipande vya vitambaa, haushonwi kwa mkupuo mmoja, bali hujengwa bloku kwa bloku, kila bloku ikiwa mraba uliokamilika ambao huwekwa kando mpaka wenzake wapatikane. Bloku inayoelezwa hapa ina upande wa futi moja kamili ikishashonwa ndani ya mfarishi. Imeundwa kwa viraka 16 vya rangi mbili, na kila kiraka ni mraba uliogawanywa kwa mshazari kuwa pembetatu mbili, moja ya kitenge na nyingine ya bafta nyeupe. Viraka vinne vikipangwa kwa kuzunguka hutoa pangaboi moja, na mapangaboi manne hutoa bloku nzima. Washonaji wa Marekani wamekuwa wakiushona mtindo huu tangu karne ya 19, lakini mabaki ya vitenge yanaufaa mno, kwa sababu kipande kikubwa kabisa unachohitaji ni mraba wa inchi 4, na vipande vya kadiri hiyo huzagaa chini ya meza ya kila fundi anayeshona magauni.

Mambo mawili ndiyo huamua kama bloku itapendeza. La kwanza ni tofauti kati ya rangi iliyokoza na iliyopauka, na la pili ni kukipunguza kila kiraka mpaka kifikie kipimo chake kabla hakijaunganishwa na kingine. Mengine yote yanaweza kurekebishwa njiani.

Kuchagua na kuandaa vitambaa

Kwa bloku moja tafuta vitenge vinne tofauti, kila kimoja kiwe na kipande kisichopungua inchi 4 kwa 8, pamoja na bafta ya inchi 8 kwa 16. Hapo utapata miraba 8 ya kitenge, yaani miwili kwa kila kitenge, na miraba 8 ya bafta, yote ikiwa na upande wa inchi 4. Asiyepata bafta anaweza kutumia kitambaa cha marekani kilichofuliwa vizuri au poplini ya pamba. Tetroni, yaani kitambaa cha poliesta, haifai kazi hii, kwa kuwa mkunjo wake haukai kama wa pamba, na pasi yenye moto wa kutosha kunyoosha kitenge huweza kuiharibu.

Watu wengi huchagua vitenge kwa kuangalia uzuri wa kila kimoja peke yake, kisha wakashangaa kwamba bloku yao imetoka kama mchanganyiko usio na umbo. Jicho hulitambua pangaboi kwa sababu pembetatu zake zimekoza na zinazozizunguka zimepauka, na wala wingi wa rangi hausaidii hapo. Kitenge cha manjano hafifu, hata kikiwa cha kuvutia dukani, kitamezwa na bafta. Kitenge chenye maua makubwa juu ya sehemu pana nyeupe ni kibaya zaidi, kwa sababu ile sehemu nyeupe ikiangukia kwenye mshono, ncha ya pembetatu hupotea na pangaboi huonekana limekatika. Chagua vitenge vilivyojaa rangi kutoka ukingo hadi ukingo: buluu ya nili, kijani kizito, zambarau, wekundu wa damu ya mzee, rangi ya kahawia. Ukiwa na shaka, vitandaze vyote juu ya bafta, vipige picha kwa simu, na uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Kitenge kitakachokaribia weupe wa bafta kitolewe, hata kama ndicho unachokipenda kuliko vyote.

Kuhusu ukubwa wa michoro, kata dirisha la pembetatu kwenye karatasi, lenye pande mbili fupi za inchi 3, na ulitembeze juu ya kitenge. Kinachoonekana ndani ya dirisha ndicho kitakachobaki kwenye bloku. Mkia wa ndege au jicho moja la duara kubwa huweza kuwa pambo zuri kuliko mchoro mzima, na utaona kwamba vitenge vyenye michoro mikubwa, ambavyo havina raha kukatwa vidogo, mara nyingi hutoa mapangaboi yenye uhai zaidi, kwa kuwa kila pembetatu hutofautiana kidogo na nyingine.

Kanga nayo inakubalika, ila ni nyepesi kuliko kitenge, na vikishonwa pamoja kitenge huivuta. Kama lazima uchanganye, itie kanga wanga mpaka ikakamae. Sehemu ya jina iache nje ya mkasi, kwa maana maneno yaliyokatwa katikati hayasomeki, na huenda mwenye kanga asifurahi kuyaona yamegeuka viraka.

Fua kila kitambaa kabla ya kukata. Kitenge kipya huwa na gundi ya kiwandani inayokifanya kionekane kizito, na vitambaa vya pamba hurudi kidogo vinapofuliwa kwa mara ya kwanza. Ni afadhali kirudi sasa kuliko kirudi ndani ya mfarishi na kukunja kila kilicho jirani yake. Halafu pima kama kinachuja: lowesha kona, iweke juu ya kipande cha bafta, na uipige pasi. Bafta ikipata doa, kitenge hicho kifuliwe tena na tena mpaka maji yatoke meupe, na kikikataa kiache kitumike kwa kazi isiyo na kitambaa cheupe karibu. Kikikauka, nyunyizia uji mwepesi sana wa wanga wa muhogo na ukipige pasi. Hatua hii huonekana ni ya anasa, lakini faida yake utaiona punde.

Vifaa na robo inchi

Cherehani ya miguu inatosha kabisa, maana bloku hii inahitaji mshono ulionyooka tu. Weka sindano namba 14, uzi mwembamba imara wa rangi ya kijivu au ya maziwa, na urefu wa mishono uwe kati ya 10 na 12 kwa inchi. Andaa pia mkasi mkali, penseli, rula ngumu, pini nyembamba, kifumulio, kadi ngumu na pasi. Kikatio cha gurudumu, ambacho kampuni ya Olfa ya Japani ilianza kukiuza mwaka 1979, huharakisha kazi sana, lakini kinadai ubao wake na rula yake maalumu, na bila hivyo viwili ni hatari kwa vidole na kwa meza. Mkasi uliotiwa makali unafanya kazi ile ile kwa utulivu.

Mishono yote huwa robo inchi kutoka ukingoni. Fundi aliyezoea magauni huacha nusu inchi au zaidi ili nguo iweze kupanuliwa baadaye, kwa hiyo mkono wake itabidi ujifunze upya. Pima robo inchi kutoka ncha ya sindano kuelekea kulia, na ubandike hapo plasta iliyokunjwa mara kadhaa, ili iwe na kimo kidogo cha kukiongoza kitambaa. Kisha jaribu: kata mikanda mitatu yenye upana wa inchi 1 na nusu, iunganishe kwa urefu, ipige pasi na uipime. Upana wote uwe inchi 3 na nusu kamili. Ukipungua, mshono wako ni mpana mno, na ukizidi, ni mwembamba. Sogeza plasta mpaka kipimo kikae. Kosa la uzi mmoja au mbili halionekani kwenye mshono mmoja, lakini likijirudia kwenye kila mshono unaokatiza bloku ni kubwa vya kutosha kufanya bloku mbili zikatae kukutana.

Kutengeneza viraka vya rangi mbili

Kata miraba ukifuata nyuzi za kitambaa, mtande (za urefu) na mshindio (za upana), ili pande zake zisivutike ovyo. Juu ya mgongo wa kila mraba wa bafta chora mstari wa mshazari kutoka kona hadi kona. Uweke mraba wa bafta juu ya mraba wa kitenge, uso kwa uso, kingo zikiwa zimelingana, na ubane kwa pini mbili zilizo mbali na mstari. Shona robo inchi upande mmoja wa mstari kutoka mwanzo hadi mwisho, geuza, kisha shona robo inchi upande wa pili. Jozi zote nane zinaweza kupita chini ya sindano kwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine bila kukata uzi kati yake, na upande wa pili ushonwe vivyo hivyo wakati wa kurudi. Uzi huokoka, na mwendo wa miguu haukatiki.

Sasa kata juu ya mstari wa penseli. Kila jozi itazaa viraka viwili, na jozi nane zitatoa viraka 16.

Sababu ya kushona kabla ya kukata ni hii. Upande mrefu wa pembetatu umekatwa hanamu, yaani kwa mshazari wa nyuzi, na kitambaa kilichokatwa hanamu huvutika kama mpira. Ungekata pembetatu kwanza na kuzishona baadaye, ule upande ungerefuka mikononi mwako na kiraka kingetoka kimepinda. Kwa njia hii hanamu inafungwa na mshono kabla haijaguswa na mkasi, na wanga uliotiwa mapema unamalizia kuishikilia.

Mwenye vipande vikubwa anaweza kupata viraka vinane kwa mara moja: achukue mraba mmoja wa bafta na mmoja wa kitenge, kila mmoja ukiwa na upande wa inchi 8, achore mishazari yote miwili, ashone robo inchi pande zote mbili za kila mshazari, kisha akate katikati kwa wima na kwa mlalo, na mwisho akate juu ya mishazari. Njia hii ni ya haraka, ila viraka vyote vinane vitakuwa vya kitenge kimoja, na kwa mabaki ya aina nyingi haina faida kubwa.

Kupunguza hadi kipimo

Kwa hesabu, kiraka kinachotakiwa kuwa inchi 3 ndani ya mfarishi kingeweza kukatwa kutoka mraba wa inchi 3 na thumuni saba (thumuni ni sehemu moja ya nane ya inchi). Mraba wa inchi 4 unazidi kwa thumuni moja, na ziada hiyo imewekwa kwa makusudi. Hakuna mkono unaoshona mishazari 16 bila kuyumba, na kupunguza ndiko kunakofuta mayumbo yote. Mshonaji anayeruka hatua hii ili kuokoa muda huupoteza maradufu akifumua baadaye.

Chora kwenye kadi mraba wa inchi 3 na nusu, uukate, kisha uukate tena kwa mshazari ili upate pembetatu yenye pembe mraba. Chukua kiraka kabla hujakifungua, kikiwa bado kimekunjwa uso kwa uso. Laza upande mrefu wa kadi juu ya uzi wa mshono wenyewe, usiulaze juu ya ukingo wa kitambaa, na uhakikishe kwamba kitambaa kinachomoza kidogo kwenye pande zote mbili fupi. Pitisha penseli kwenye pande hizo mbili na ukate, ukiuacha mstari wa penseli ndani ya kiraka, kwa kuwa kitenge ni kizito na mkunjo wa mshono hula unene wa uzi mmoja. Pande mbili tu za kukata zinatosha: kiraka kikifunguliwa, zitakuwa nne.

Kabla ya kufungua, piga pasi juu ya mshono ulivyolala ili uzi uingie ndani ya kitambaa. Halafu fungua kiraka kwa upande wa uso, ukingo wa mshono ukilala chini ya kitenge, ambako hautaonekana kupitia bafta. Bonyeza pasi na kuinua; usiisugue, kwa sababu kusugua huivuta ile hanamu ambayo umekuwa ukiilinda tangu mwanzo. Anayetumia pasi ya mkaa aitikise na kuifuta nje kwanza, na kati ya pasi na kiraka aweke kipande cha kitambaa safi, kwani chembe moja ya jivu yenye moto hutosha kuacha alama kwenye bafta. Masikio madogo yatakayochomoza kwenye pembe mbili yakatwe. Pima kiraka: inchi 3 na nusu kwa inchi 3 na nusu, na mshono uingie kwenye kona zote mbili bila kupotoka.

Kupanga na kuunganisha

Tandaza viraka vyote 16 mezani kabla ya kushona chochote. Kwa kila pangaboi chukua viraka vinne vya kitenge kimoja, na uvipange ili mishazari yote minne ikutane katikati na kufanya alama ya mkasi. Kiraka cha juu kushoto kiwe na kitenge upande wa juu, cha juu kulia kiwe nacho upande wa kulia, cha chini kulia upande wa chini, na cha chini kushoto upande wa kushoto. Kitenge hakipaswi kugusana na kitenge kwa ukingo popote ndani ya pangaboi. Ukiona kimegusana, kiraka kimoja kimegeuzwa vibaya.

Mapangaboi yote manne yazunguke upande mmoja. Hapo ndipo bloku hii inapotoa zawadi yake. Ukiyaweka pamoja mawili juu na mawili chini, pembetatu zinazokutana katikati ya bloku hufanya pangaboi la tano, lenye rangi zote nne za vitenge vyako, nalo huzunguka kinyume cha mengine. Kwa hiyo badilisha nafasi za mapangaboi mpaka rangi nne zinazokutana katikati zipendezane. Vitenge viwili vinavyofanana visikae ubavu kwa ubavu, na kilichokoza kuliko vyote nakiweka chini, kwa sababu bloku yenye uzito juu huonekana kama inaanguka. Piga picha ya mpangilio huo, maana upepo wa dirishani au mtoto anayepita anaweza kuuvuruga kabla hujafika kwenye cherehani.

Unganisha viraka viwili vya juu, kisha viwili vya chini. Kwa kuwa mishono yote ya mshazari imelazwa chini ya kitenge, pale viraka viwili vinapokutana ukingo mmoja utalala huku na mwingine kule, na ukipapasa kwa kidole utaihisi imefungana. Choma pini hapo hapo. Laza mshono mpya kuelekea kitenge katika safu zote mbili, na safu zikikutana zitafungana vilevile. Unaposhona safu pamoja, tazama mgongo: mishono iliyopita imeacha alama ya mkasi, na uzi wako unatakiwa kupita katikati ya alama hiyo au unene wa uzi mmoja nje yake. Ukipita ndani, ncha za pembetatu zitakatwa. Mshono ukikosea mahali hapo, fumua inchi moja tu kila upande wa kosa na urudie, badala ya kufumua safu nzima.

Katikati ya pangaboi tabaka nyingi za kitambaa hurundikana, na kwa kitenge rundo hilo huwa gumu kiasi cha kukataa sindano baadaye. Geuza mgongo, na katika ule ukingo mfupi wa mshono uliokatiza mshono wa mwisho, fumua mishono miwili au mitatu iliyo juu ya mstari wa mwisho, pande zote mbili. Kingo nne zitaweza kulazwa kwa kuzunguka, kila moja ikifuata mwenzake, na rundo litabonyea. Pangaboi lililokamilika hupima inchi 6 na nusu. Mapangaboi manne huunganishwa kwa utaratibu huo huo, na katikati ya bloku hufanyiwa vivyo hivyo.

Bloku iliyokamilika ipime inchi 12 na nusu kila upande. Ikipungua thumuni moja, usiivute kwa pasi. Kama bloku zako zote zimepungua kwa kiasi hicho hicho, zitaunganika bila taabu na mfarishi utakuwa mdogo kidogo tu. Tatizo ni bloku moja inayotofautiana na nyingine, na hiyo ni bora ifumuliwe kwenye mshono wa katikati au iachwe iwe foronya ya mto.

Kipimo cha futi moja kina manufaa kwa yeyote mwenye kitanda cha futi 4 kwa 6. Bloku 24, nne kwa sita, zinafunika godoro hadi ukingoni, na atakayetaka mfarishi uning'inie futi moja ubavuni kila upande na futi moja miguuni ashone bloku 42, sita kwa saba. Kwa bloku 24 inahitajika miraba 192 ya bafta, na katika bafta yenye upana wa inchi 45 hiyo ni yadi 2 kamili. Nunua yadi 2 na nusu ili kufidia itakayorudi kwenye maji. Inunue yote siku moja na kutoka jora moja, kwa kuwa weupe wa bafta hutofautiana kati ya jora na jora, na tofauti hiyo, isiyoonekana dukani, huonekana wazi bloku zinapolala pamoja kitandani.